Chokaa na Siki

Jumatatu, 3 Machi

Wamempitisha! Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye mchungaji kiongozi wa kanisa letu kuanzia Jumapili. Mtu yule yule aliyewapelekea askari funguo mwaka ule wa kufungwa makanisa. Funguo, Biblia ya mimbarani, kikombe cha ushirika – vyote kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka zawadi ya harusi. Biblia waliichoma pale pale uani. Waliogoma kutoa hata kitabu cha nyimbo walivunjwa mbavu. Baba yake Besi, yule kijana wetu wa kwaya, alitoka kituoni amefunikwa shuka.

Halmashauri ya kanisa inasema yamepita, tusameheane. Wepesi ulioje wa kusamehe mateke yaliyotua kwenye mbavu za wengine.

Nimefundisha historia ya Kanisa chuoni, kwa wachungaji wanafunzi, mpaka nywele zimeanza kubadilika rangi. Jambo hili nalijua. Lina mwaka wake na lina jina lake. Afrika ya Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya nne: dola inadai Maandiko yachomwe, maaskofu wengine wanayatoa, dhoruba inapita, kisha hao hao wanataka kurudi kwenye viti vyao wamechana nywele. Watu waliwaita wakabidhi. Wakaukataa ubatizo wao na mkate wao. Nitalifufua neno hilo. Litamganda shemeji kama kupe.

Mume wangu alinisikia nikisoma rasimu kwa sauti. Yeye ni fundi rangi, maneno makubwa hayamtishi. Akauliza leo napigana na nani, walio hai au waliokwisha kuzikwa. Nikamwambia wote. Akasema basi nianze na sahani, Mama Vita, chakula kinapoa.


Jumatano, 5 Machi

Ukumbi wa kwaya ulijaa hadi madirishani. Besi na kundi lake la walinzi wa ibada walikaa mstari wa pili, mikono kifuani. Besi ni mchomeleaji wa vyuma. Jina hilo alipewa na kwaya kwa sababu ya sauti yake, nene mpaka benchi linatetemeka. Hajawahi kucheka tangu baba yake azikwe. Leo nimemchekesha.

Niliwasimulia ule mkutano mkubwa wa maaskofu wa pande mbili, miaka mia moja baada ya kuchomwa Maandiko. Waandishi wa hati mkato wakidaka kila neno, kila msemaji akitia sahihi chini ya maneno yake. Waliowakataa wakabidhi wakaambiwa karibuni viti. Wakakataa! Hawaketi na wenye dhambi. Wakasimama siku nzima, hata mwakilishi wa kaisari akaona aibu, naye akasimama. Hapo ndipo Besi alipocheka.

Nikawaeleza pia matope waliyopakwa watu wale. Kwamba eti walikuwa na magenge ya marungu, na marungu hayo waliyaita Israeli. Kwamba walipopaza sauti "Mungu asifiwe" watu walikimbia kuliko wakisikia simba. Kwamba eti waliwamwagia makasisi wa upande wa pili chokaa iliyokorogwa na siki machoni, wapofuke. Nikianza kusimulia huwa siachi kitu. Mama mmoja mbele alifumba macho kabisa. Kisha nikauliza: nani ameandika haya? Maadui zao. Nani mwingine? Hakuna. Ushahidi wa upande mmoja, tena upande ulioshinda. Futa! Ndivyo tulivyoandikiwa historia yetu. Askofu wa kwanza kuandika historia ya Kanisa alikiri mwenyewe kwamba ugomvi wa Wakristo na Wakristo atauruka, aandike yanayofaa tu. Yanamfaa nani?

Makofi mpaka vumbi likashuka darini.

Mwishoni Besi aliinua mkono. Mwalimu, siki ilikuwa ya nini, chokaa peke yake si inatosha? Watu wakacheka. Nikamjibu kama mwalimu anavyojibu: ili ichome zaidi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei nzuri.

Kijitabu kitatoka Jumamosi. Ukurasa wa chokaa na siki nimeuandika upya. Sasa unauma.


Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu alikuja mchana. Hakuketi. Neno langu limechorwa kwenye geti lake kwa rangi nyekundu: MKABIDHI. Watoto wamemuuliza maana yake. Amewaambia waende kwa mama yao mkubwa, ndiye mwenye neno.

Nikamwambia vizuri, waje, nitawaeleza.

Akasema: "Dada, siku ile askari walikuwa wamemwaga petroli mlangoni. Ndani mlikuwa na watu wanafunga na kuomba. Alitoa funguo ili watoke hai. Kwa nini hilo huliandiki?"

Nikamuuliza nani mwingine aliiona hiyo petroli. Akasema mumewe ndiye aliyeiona. Nikamwambia mke akileta maneno ya mumewe, huo ni ushahidi wa upande mmoja.

Alinizaba kofi. La nguvu, la kiganja kizima. Nikamsukuma, akagonga kabati, vikombe viwili vikaanguka. Tukabaki tunatazamana, tunahema kama tulipokuwa wadogo tukigombania kitanda. Akaokota mkoba wake. Mlangoni akageuka: wewe unaishi na watu waliokufa, mimi nalala na huyu aliye hai, usiniulie.

Nimefagia vigae. Shavu bado la moto. Na kijitabu sifuti hata nukta.


Jumapili, 9 Machi

Siku! Nataka kuyaandika kabla hayajapoa.

Ibada ya kumsimika. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mkutano mzima uliketi – isipokuwa sisi. Besi na walinzi wake, kina mama wa upande wetu, nusu ya kwaya. Tulisimama kama mashina. Msomaji wa matangazo akatuomba tuketi. Tukasimama. Akatuomba kwa jina la Bwana. Tukasimama. Niliwatazama kwa fahari. Hawa ni wanafunzi wangu!

Shemeji akatoka kwenye kiti chake cha heshima na kusema, kwa ile sauti yake ya upole ya kuudhi, "Kama shemeji yangu amechagua kusimama, na mimi nitasimama. Hata yule mwakilishi wa kaisari alisimama." Kumbe kijitabu amekisoma. Watu wake wakacheka. Mimi nikahisi damu inapanda mpaka masikioni.

Mtu wetu akamnyang'anya kipaza sauti. Mzee wa kanisa akamshika shati. Basi. Benchi lilipinduka, la pili likarushwa. Mpiga kengele alipigwa na mguu wa kiti mdomoni, akatema meno kwenye kiganja na kuyatazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Wanawake walivutana vilemba. Mimi nilimtandika mzee wa kanisa kwa kitabu cha nyimbo, cha jalada gumu, mara mbili usoni, na alipouzungusha mkono wake shingoni mwangu niliung'ata. Kuna damu kwenye gauni langu ambayo si yangu. Na iliyo yangu pia: nyusi imepasuka.

Polisi walipofika kila mtu alikuwa anasema yeye ndiye aliyeanzwa.

Mume wangu ananisafisha jeraha kwa maji ya chumvi. Ananiuliza katika vitabu vyangu vyote kuna profesa mwingine aliyeng'ata mtu kanisani. Nimemwambia kwenye mitaguso, ile mikutano mikuu ya zamani, maaskofu walipigana ngumi. Akasema ameuliza habari za kung'ata.


Jumatatu, 10 Machi

Besi alipita saa za asubuhi, mume wangu akiwa kazini. Ameomba mfuko wa chokaa uliopo bandani na kopo tupu la rangi, vya kupaka ukuta wa ukumbi wetu. Usiku upande wa pili wamechora matusi juu ya mama zetu wote. Nikamwambia achukue tu.

Mkononi alikuwa na rungu. Mti mgumu, umelainishwa, kichwa chake kama ngumi mbili. Kwa kile chuma chake cha kuchomelea ameandika juu yake herufi kubwa nyeusi: ISRAELI. Wote wanayo sasa, anasema.

Nilicheka. Nikamwambia, "Kumbe ulikuwa unasikiliza."

"Wewe hufundishi bure, Mwalimu," akasema, akaubeba mfuko begani kama mtoto.


Jumatano, 12 Machi

Besi na walinzi wake wamevamia mkutano wa sala nyumbani kwa shemasi mwanamke, yule mshona sare za shule. Milango ilivunjwa. Walimwamuru aikane meza ya mkabidhi, akakataa, wakamponda mkono wa kulia – mkono wa mkasi. Vidole vitatu. Cherehani waliitupa nje ikatua juu ya mbwa. Na wakati wote, majirani wanasema, walikuwa wakiimba Mungu asifiwe, Mungu asifiwe, Besi akishika sauti ya chini.

Sokoni leo mchuuzi mmoja aliitikia salamu ya mteja kwa maneno hayo hayo, mazoea tu, na wanawake wakaanza kukusanya vikapu vyao. Maneno ya sala! Watu wanayakimbia.

Nilimwita Besi nikamfokea. Shemasi yule amewashonea hata kanzu za kwaya, mna wazimu? Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, "Baba yangu walimponda mikono yote miwili, Mwalimu. Uliandika kwenye kijitabu. Ukurasa wa mwanzo." Kweli niliandika. Nilitaka isomwe kwa machozi. Nikamwambia mwisho iwe huyu. Akasema mwisho.

Mume wangu amerudi jioni na swali. Mbona ule ukuta wa ukumbi bado una matusi? Chokaa yake imepakwa wapi? Nikasema labda wanasubiri jua. Ameenda kuoga bila mzaha wowote. Mtu huyu hajawahi kuoga bila mzaha.


Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa mlangoni. Niliona.

Tulikuwa nje, wao ndani. Ibada imeisha, shemeji ametoka kusimama barazani ili awape watu mikono. Besi akapanda ngazi akiwa na kopo la rangi, lile la lita nne, kopo la mume wangu, lina alama ya kijani ya kidole chake ubavuni. Nilidhani anataka kumpaka weupe, amfedheheshe. Wallahi, hata nilitabasamu. Kisha harufu ikanifikia. Siki.

Wawili walimshika shemeji mikono nyuma. Wa tatu akamkamata nywele, akamwinua uso. Besi hakuwa na haraka. Alisema Mungu asifiwe, kama anayeanzisha wimbo, akamimina.

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mwanamume. Shemeji alianguka, akajikwangua macho kwa kucha zake. Mdogo wangu alimlalia juu na marungu yakamwangukia yeye, mgongoni, kiunoni. Nilipiga kelele acheni! Nilimshika Besi shati. Akanisogeza pembeni taratibu, kwa heshima, kama unavyomsogeza mama yako karibu na gari, kisha akageuka akaendelea kupiga.

Tulimwaga ndoo za maji, mimi na mpiga kengele asiye na meno. Povu jeupe. Kila ndoo shemeji alipiga mayowe upya. Mdogo wangu aliponiona nimeshika ndoo alinitemea mate. Nikaendelea kumwaga.

Nilisema hayakutokea. Miaka yote nimesema hayakutokea. Sasa yametokea.


Jumatatu, 17 Machi

Hospitali. Wodi ya macho iko ghorofa ya juu, ukutani kuna picha ya jicho kubwa lililokatwa katikati. Daktari amesema la kushoto limekwisha. La kulia wanangoja, lakini alisema wanangoja huku akifunga faili.

Mdogo wangu alikaa upande wa pili wa kitanda. Ana ufa kwenye ubavu, hawezi kucheka wala kukohoa. Hakuniamkia, hakunifukuza.

Shemeji alinitambua kwa hatua. Bandeji mpaka puani. Akasema, "Ni yule anayekanyaga kama anafukuza mwizi." Kisha akasema kijitabu changu amekisoma mara mbili, na ukurasa wa chokaa ndio ulioandikwa vizuri kuliko zote. Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningejua la kufanya.

Nikamwuliza kuhusu petroli.

"Sasa unaniuliza," akasema. "Ilinukia mpaka ndani. Baba yake Besi ndiye aliyeniambia nitoe funguo. Yeye akabaki, mimi nikatoka na watu. Lakini hayupo wa kuthibitisha, shemeji. Ni upande mmoja."

Polisi wanataka maelezo yangu. Nimewaambia nitakuja. Niliwaona nje ya kituo wakiwashusha walinzi watatu wa Besi kutoka kwenye lori: mmoja sikio linaning'inia, mwingine anatambaa. Askari akicheka, akampiga teke la tako. Hakuna aliyewauliza lolote bado. Wanaanza kwa kupiga, kuuliza baadaye. Hayo nayo yataandikwa na nani?

Besi hawajampata.


Jumatano, 19 Machi

Mume wangu amelileta kopo. Lilikuwa limetupwa kwenye mtaro. Ameliweka juu ya meza yangu, juu ya vitabu, akaenda kukaa uani. Lina ukoko mweupe ndani na harufu ile. Nimejaribu kulisogeza, nimeliacha.

Leo wanafunzi wangu chuoni walikuwa wakali: mwalimu, umeona, upande wa pili wanavyotusingizia? Wanafunzi hao wanasema ni ugonjwa wa macho wa zamani. Wanasema alijimwagia mwenyewe ili aonewe huruma. Mmoja ameshaandika makala. Amepanga hoja vizuri. Nani ameshuhudia? Mke, mpiga kengele, waumini wake. Wote upande mmoja. Nilisoma nikiona sentensi zangu mwenyewe zinatembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Mdogo wangu amehamia kwangu tangu jana. Nyumba yake imepigwa mawe, watoto wako kwa wakwe. Analala chumba cha ndani. Tumeongea maneno ya lazima tu: maji, ufunguo, dawa.


Alhamisi, 20 Machi

Jioni, jua bado halijazama. Besi yuko hapa.

Ameingia kwa mlango wa uani, mume wangu ameenda hospitali kumpelekea shemeji uji. Ametoa salamu kwanza, Shikamoo Mwalimu, akavua viatu. Ameketi mbele yangu, ng'ambo ya meza. Rungu amelitegemeza kwenye kiti, maandishi yamenitazama. Amekonda. Mkono wake wa kulia una malengelenge meupe mpaka kwenye kiwiko. Chokaa ilimrukia na yeye. Anauficha chini ya meza.

Hajui nani yuko nyuma ya pazia.

Anataka niandike. Kurasa mbili tu, anasema, za kusomwa Jumapili na kupelekwa kwa wakili. Kwamba wanatusingizia. "Kama ulivyowaandikia wale wa zamani," anasema. "Walisingiziwa chokaa, ukawasafisha. Sisi ndio wako, Mwalimu. Hao wa zamani hata hujawaona." Anaongea taratibu. Anasema wewe pekee ulikuwa mlangoni ambaye si wa upande wake. Ukisema hukuona, hakuna aliyeona.

Nikamwambia baba yako ndiye aliyesema funguo zitolewe.

Vidole vyake vikalitafuta rungu, havikulishika. Akauliza nani kasema. Nikamwambia shemeji. Akatabasamu, akasema, "Upande mmoja huo."

Kisha akasogeza karatasi mbele yangu. Akasogeza na kopo, ili nipate nafasi ya mkono. Andika, akasema.

Kwa hiyo ninaandika. Nimelifungua daftari hili badala ya karatasi zake, naye kutoka alipo hawezi kusoma. Anaona kalamu inakwenda na anadhani ndiyo ile kazi. Ananipumulia. Mara moja amesema asante.

Najua jinsi ya kuziandika kurasa zile mbili. Hilo ndilo baya. Zimekwisha kupangika kichwani, aya kwa aya, hata pa kuchekesha. Na najua jinsi ya kuziandika zile nyingine: Nilikuwa mlangoni. Kopo lilikuwa letu. Chokaa niliitoa mimi. Aliyemimina ni huyu aliyeketi hapa, na aliyemweleza kazi ya siki ni mimi.

Askari wakimpata na maandishi hayo watamfanya kama baba yake. Asipopatikana, Jumapili atakuwa na mita mia moja tu za kutembea kumfikia mpiga kengele, shahidi mwingine.

Pazia limesogea. Mdogo wangu anahema kwa kifupi, kwa sababu ya ubavu. Besi ameinua kichwa. Ameuliza nani yuko ndani. Nimemwambia mgonjwa.

Anauliza nimefika wapi. Nimemwambia nimefika mlangoni.

Anasema, haya, tusomee tusikie. Anavuta kiti karibu, ananipigapiga begani, keti vizuri, Mwalimu.

Nimesimama. Nitasoma haya ya daftari, nikiwa nimesimama, na kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia.